UZI: Pampu hausi za zamani za mji zilistaafishwa na nani, na kwa nini?

MlaMhogo (mleta mada) #1
Wakuu, habari.
Mji niliokulia (siutaji, wenyeji mtaujua) una pampu hausi, yaani jengo la pampu za maji, bondeni kando ya mto. Matofali ya kuchoma, madirisha ya fremu za chuma yenye vioo vidogo vidogo, mlango mpana wa kuingizia mota. Tukiwa wadogo ukisimama mlangoni unasikia sakafu inatetemeka mpaka magotini. Leo lina kufuli, mlinzi kalima mchicha mpaka ukutani, nguzo ya umeme ipo ila transfoma imeondolewa.
Mji umekua, watu wameongezeka, na maji yanatoka usiku wa manane kwa kudra. Mimi nasema huu ni uzembe mtupu. Kituo kilichotunywesha utoto mzima unakifungaje wakati akina mama wanalala na madumu foleni? Mwenye maelezo tofauti alete. Na msiniletee siasa.

Kibopa #2
Umekataza siasa halafu umeanza na uzembe. Naweka kambi hapa.

Mzee Glandi #3
Salaam. Nimestaafu, nilikuwa opereta wa pampu, baadaye fundi. Kijana, jengo hilo halikuwekwa bondeni kwa bahati mbaya. Pampu inayokaa juu ya sakafu haina ubavu wa kuvuta unaoudhania. Inachofanya ni kutoa hewa kwenye bomba la kuvutia, halafu hewa ya nje ndiyo inayoyasukuma maji yapande. Kwa Pwani kikomo ni mita 10 hivi, hizo za kitabuni. Kazini, ukishatoa msuguano na mengineyo, usivuke mita 6 au 7. Kule Mbeya hewa ni nyepesi, hata hiyo ya kitabuni inaanzia 8 na kitu.
Kwa hiyo pampu ilibidi ikae karibu na maji, na jengo liifuate pampu. Mto ukishuka mita mbili tu umekwisha: pampu inaanza kulia kama inasaga kokoto, impela (lile gurudumu la ndani linalosukuma maji) inaliwa vijitundu, beringi zinafuata.
Siku hizi pampu ya kuzamisha inashushwa majini pamoja na mota yake, inasukuma kutoka huko huko chini, haivuti chochote. Haitaki jengo, inataka kibanda cha paneli. Inawezekana maji ya mji wako bado yanatoka bonde lile lile, ila kibanda chenyewe hukioni.

NjooNaDumu #4
Kwa hiyo mzee jengo limestaafu ila kazi inaendelea? Mbona bombani kwangu haiendelei?

Mhasibu_Mstaarabu #5
Mnazunguka mbuyu. Jibu ni bili ya umeme. Kupandisha lita 1,000 kwa kimo cha mita 100 kunakula uniti 0.27. Mji mdogo unaosukuma lita milioni 5 kwa siku unakula uniti 1,360 kila siku, zaidi ya 40,000 kwa mwezi, hapo hujalipa mshahara wala hujanunua klorini. Halafu maji mengine yanamwagika njiani, na mengine yananywewa na wasiolipa. Ukiona pampu hausi imefungwa, kaulize deni la umeme lilifikia ngapi.

Injinia_Kata #6
#5 hesabu yako ni ya peponi, pampu isiyo na hasara. Duniani, seti mpya iliyochaguliwa vizuri mpe asilimia 65: ni uniti 0.42 kwa kila lita 1,000, sawa na 2,100 kwa siku. Pampu iliyozeeka, pete zimelika, maji yanazunguka ndani badala ya kutoka, mpe 45: uniti 3,000 kwa siku kwa maji yale yale.
Na bomba sijaligusa. Bomba la chuma la milimita 200 likiota kutu likabakiza 160, msuguano unapanda karibu mara tatu ukitaka lipitishe kiasi kile kile. Yaani wateja wanalipia umeme wa kupambana na kutu. Ndiyo maana mamlaka ikipata chanzo cha mserereko, yaani maji yanayoshuka yenyewe bila pampu, hata kiwe mbali, inakikimbilia na pampu inaachwa.

Mtu_wa_Majengo_Moshi #7
Moshi hapa chemchemi za mlima zinashuka zenyewe. Maji ya pampu tunasikia kwenu. Poleni watu wa Pwani.

Kibopa #8
Nilikuwa nahesabu ni posti ya ngapi utautaja mlima. Ya saba.

Kimara_Baruti #9
Dar hatuna mlima wa kujishaua nao. Maji yapo chini kwenye mto Ruvu, watu wapo juu ya vilima vya Kimara, Kibamba, Chuo Kikuu. Yanapandishwa kwa pampu mpaka kwenye matangi ya Kimara na yale ya Chuo Kikuu, kisha ndipo yanaporomoka mjini. Umeme ukicheza Ruvu nusu saa, huku mtaani unaisikia siku mbili, kwa sababu matangi lazima yajae upya, na wa chini wanafungua kwanza. Na ile mitambo ya Ruvu Chini ni ya tangu Mjerumani, bado inapiga kazi. Sasa huo mji wa mleta mada una kisingizio gani?

Msomaji_Kimya #10
Mjerumani na Ruvu Chini wapi na wapi. Mjerumani alituachia visima vya bonde la Gerezani. Mtoni, kwenye mto Kizinga, ni ya Mwingereza. Ruvu Juu ni 1959. Ruvu Chini ni 1976, miaka kumi na mitano baada ya uhuru, kwa msaada wa Kanada. Na mashine zilizopo sasa si zile: Ruvu Chini ilipanuliwa kutoka lita milioni 180 hadi 270 kwa siku, Ruvu Juu kutoka 82 hadi 196.
Lakini ona jambo ambalo #5 na #6 hawalielezi. Mtoni inatoa kama lita milioni 9 tu kwa siku. Mbele ya Ruvu hiyo ni tone. Kwa hesabu zenu ilitakiwa iwe imefungwa zamani, maana Ruvu imeimeza. Haikufungwa. Kwa nini? Maji yake yako Temeke tayari, huyasafirishi kutoka mkoa wa Pwani. Kwa hiyo ukongwe na udogo peke yake havistaafishi kituo.

Kimara_Baruti #11
Haya, Kanada. Mota haijui nani kaileta, inajua kuzunguka.

Injinia_Kata #12
#10 hoja nzuri, ila Mtoni ni mfano wa kituo kilichobahatika kuwa karibu na wateja. Kwa mtindo huo huo Mwanza: maji yako ziwani Capripoint, wateja wako juu ya mawe. Huko huwezi kuiacha pampu hata ukitaka. Unasukuma hadi tangi la kwanza, pale unakuta pampu nyingine inasukuma hadi la pili. Kilima kimoja kina ukanda wa juu na wa chini, presha tofauti. Walipoongeza kituo kipya cha Butimba ilikuwa ni kugawana mzigo, Capripoint haikutupwa.

Shangazi_wa_Kikwajuni #13
Nyinyi wa bara mwaona pampu ndiyo maendeleo. Mji Mkongwe ulipata maji ya bomba zama za Seyyid Barghash, aliyetawala 1870 hadi 1888. Yalitoka Chemchem, njia ya Bububu, yakashuka yenyewe mpaka mjini, umeme hata haujafika. Sasa mji umepanuka, chemchemi hazitoshi, tumechimba visima kila pahala, na kila kisima kina pampu yake.
Ngojeni niwaambie ilivyokuwa. Umeme wetu waja kwa waya uliopita chini ya bahari kutoka bara. Mwaka 2008 ukakatika, tukakaa kiza kama mwezi. Disemba 2009 ukakatika tena, tukakaa hadi Machi. Miezi mitatu! Watu walijua mishumaa tu itakuwa ghali, kumbe shida ilikuwa maji. Jenereta zilizokuwepo hazikutosha visima vyote. Nyumba yenye kisima cha zamani cha kamba uani ndiyo iliyokuwa tajiri, majirani wote twaenda na ndoo, twaitana majina ya adabu ambayo siku zote hatuyatumii.

Mwana_wa_Likoni #14
Shangazi umenena. Sisi Mombasa maji ya Mzima yatoka huko Tsavo zaidi ya kilomita mia mbili, yashuka kwa mserereko tangu miaka ya 1950, enzi za mkoloni. Ya Baricho, visima vya kando ya mto Sabaki, lazima yasukumwe. Sasa mji wote ukikauka, swali la kwanza la mtu si "bomba limepasuka?" bali "stima wamelipa?" Mimi niko upande wa #5. Pampu haifi kwa uzee, yafa kwa deni. Na ikifa, wenye mikokoteni na mabauza washerehekea.

Mhasibu_Mstaarabu #15
Asante kaka wa Likoni. Nyie wengine endeleeni na kutu.

Mkazi_wa_Kansanga #16
Nipo Kampala kikazi. Mna sababu ambayo hamjaigusa: uchafu. Maji ya Kampala yanatoka Gaba, kwenye ghuba ya Murchison ya Ziwa Victoria, tangu 1928. Kikajengwa Gaba cha pili, 1992, kikaja cha tatu, 2007. Tatizo mfereji wa Nakivubo unaoshusha maji taka ya jiji unamwaga kwenye ghuba hiyo hiyo. Maji yanageuka kijani kwa mwani, unatumia dawa nyingi zaidi, vichujio vinaziba upesi. Juu yake ziwa lilishuka sana 2005 na 2006, midomo ya kuvutia maji ikakaribia kubaki nje, ile aliyosema Mzee Glandi. Kituo kipya hawakukijenga Gaba. Walikwenda mbali kabisa, Katosi, wilaya ya Mukono, kwenye maji mazuri, wakakubali gharama ya bomba refu.
Kwa hiyo mleta mada angalia juu ya mto wako kuna nini. Machinjio? Gereji? Mji wenyewe umepanda juu ya chanzo?

Binti_wa_Chumbageni #17
Naunga mkono #16. Tanga tunakunywa mto Zigi, wameuzuia kwa bwawa la Mabayani, maji yanasukumwa mpaka Mowe kutibiwa. Huko juu Amani kuna msitu. Msitu ukiguswa, tope linakuja bwawani. Pampu yenyewe haina kosa, ila mchanga ukiingia unasaga impela, na kila anayepita anasema pampu mbovu.

NjooNaDumu #18
Hivi huu uzi una mtu ambaye maji yanamtoka muda huu anapoandika? Nauliza kwa nia njema.

Mtu_wa_Majengo_Moshi #19
Mimi.

NjooNaDumu #20
Sikukuuliza wewe.

Mswahili_Illinois #21
Nimechelewa, hamjambo. Niko Chicago. Hapa katikati ya mji, barabara ya Michigan, kuna mnara wa mawe ya chokaa na ng'ambo yake kituo cha pampu, vyote vya miaka ya 1860, mbunifu mmoja, William Boyington. Watalii wanadhani mnara ndio uliokuwa tangi. La. Ndani yake lilisimama bomba la wima, kama mita 42. Pampu za mvuke zilikuwa za pistoni, zinasukuma kwa mapigo, na mapigo yanapasua mabomba ya mjini. Lile bomba la wima lilikuwa linameza mapigo: maji yanapanda na kushuka humo, mjini yanafika yametulia. Zilipokuja pampu za kuzunguka, zinazotoa maji bila mapigo, bomba la wima halikuwa na kazi tena. Mnara umestaafu, leo ni kumbukumbu. Ila kituo cha pampu bado kinasukuma maji, cha umeme sasa, na mwaka 2003 upande mmoja wa jengo ukageuzwa ukumbi wa michezo ya kuigiza. Watu wanakaa wanatazama maigizo, ukuta wa pili maji yanakwenda mjini.
Majengo yote mawili yalipona moto mkubwa wa 1871 ulioteketeza mji.

Msomaji_Kimya #22
Mnara ulipona. Kituo cha pampu kuta zilipona, lakini paa liliungua na pampu zikasimama. Tena ndiyo sababu zimamoto waliishiwa maji usiku ule. Usikipe sifa ambayo haikuwepo.

Mswahili_Illinois #23
Wewe jina lako Msomaji Kimya umelipata wapi?

Kibopa #24
Halafu #21 umetuachia wazo. Pampu hausi ya mleta mada ligeuzwe ukumbi wa singeli. Sakafu ishazoea kutetemeka.

MlaMhogo #25
Wakuu nimecheka. Sasa nimerudi na taarifa. Mdogo wangu bado anaishi kule, nimemtuma akazungumze na mlinzi. Majibu:
Moja, mlinzi anasema mto umehama, umekula ukingo wa pili, mdomo wa bomba uko kwenye mchanga mkavu.
Mbili, kuna mzee aliyekuwa opereta pale anaishi jirani, yeye anakataa. Anasema mto ulianza kuhama baada ya kufungwa, maana siku za kazi walikuwa wanazoa mchanga kila kiangazi na kupanga mawe ukingoni.
Tatu, ndani pampu ipo moja kati ya tatu. Kibati chake kimeandikwa Uingereza. Mota hamna hata moja.
Sasa nimshike yupi?

Mzee Glandi #26
Mshike opereta. Mlinzi amekuja juzi. Mto usiozolewa mchanga unaweza kabisa kubadili njia pale penye mdomo wa bomba.
Na hiyo ya kubaki pampu moja kati ya tatu naijua. Kituo cha mji huwa na mbili za kazi na moja ya akiba, au moja na mbili. Ya kwanza ikiharibika, vipuri havipo, mnang'oa beringi ya akiba mnaweka. Ya pili ikiharibika mnang'oa shafti. Kwenye karatasi bado mna pampu tatu. Siku ya mwisho mna pampu moja yenye viungo vya tatu, na ikilala hiyo mji umelala. Kiwanda kilichoitengeneza ama kimefungwa ama kimenunuliwa na kingine, ukiagiza impela wanakuambia subiri tuichonge, bei yake unanunua pampu mpya nzima ya kutoka kwingine, ila hiyo mpya tundu za boliti hazilingani na msingi wako wa zege. Basi mnavunja zege. Na ukishaanza kuvunja zege, mhandisi anauliza: kwa nini tusijenge kwingine?
Hapo ndipo nyingi hufia.

DadaHydro #27
Nakubaliana na mzee nusu. Vipuri ni kisingizio kizuri, lakini nimekuta karakana za Gerezani (Dar) na Gikomba (Nairobi) wanachonga impela ya shaba kwa kuangalia ile ya zamani, na inafanya kazi. Haifikii ufanisi wa kiwandani, hapo #6 atakuja na asilimia zake, ila maji yanatoka. Mimi nasema sababu ni jinsi fedha zinavyokuja. Mfadhili au mkopo hauji kubadilisha beringi. Unakuja kujenga kitu kipya chenye ufunguzi na utepe. Ukarabati ni wa bajeti ya ndani, na bajeti ya ndani ndiyo hiyo ya bili ya umeme.

Kibopa #28
Siasa hizo zimeingia kwa mlango wa nyuma. Mleta mada, amsha dude.

Mhasibu_Mstaarabu #29
Dada hapo juu kanisaidia bila kujua. Turudi kwenye deni.

Injinia_Kata #30
Asilimia zangu zinakuja, dada. Impela ya kuchonga kwa macho inaweza kukushusha pointi kumi kirahisi. Kwa ule mfano wa lita milioni 5, kushuka kutoka 65 hadi 55 ni karibu uniti 380 zaidi kila siku. Ukiokoa kwenye karakana unalipa kwenye bili.
Na mradi mkubwa si utepe tu. Chukua Ihelele, wilaya ya Misungwi. Maji ya Ziwa Victoria yanatibiwa, yanapandishwa mlima Mabale, kisha yanatelemka kwenda Shinyanga na Kahama, baadaye yakafika mpaka Tabora. Unasukuma kwa nguvu mara moja, mahali pamoja, penye mafundi na umeme wa uhakika, badala ya kila mji kuwa na kijipampu chake kwenye bwawa la matope. Miji iliyofikiwa na mradi wa namna hiyo, vituo vyake vidogo vinakosa hoja ya kuendelea. Hakuna aliyevihujumu.

Binti_wa_Chumbageni #31
Na bomba hilo moja likipasuka?

Injinia_Kata #32
Ndiyo bei yake.

Binti_wa_Chumbageni #33
Bei anailipa nani? Mwenye dumu. Mji ukiwa na chanzo kikubwa kimoja, basi kile kidogo ukitunze, kisukumie hata hospitali na shule wakati kikubwa kimelala. Dar 2022, Ruvu ilipopungua kwa ukame, visima virefu vya Kigamboni ndivyo vilivyoharakishwa kuingizwa kwenye mtandao. Vingekuwa vimefungwa kwa sababu "tuna Ruvu", mngekunywa nini?

Kimara_Baruti #34
Tulikunywa maji ya boza kwa bei ya soda. Sina la kuongeza.

Al_Hinawi_wa_Nizwa #35
Assalaam alaykum. Niko Oman, mzaliwa wa Tabora. Huku mambo ni kinyume na ya mleta mada. Falaji, yaani mifereji ya kale, zilikuwa zikileta maji kwa mserereko, nyingine tangu karne na karne, tano kati yake ziko kwenye orodha ya urithi ya UNESCO tangu 2006. Zikaja pampu za visima, watu wakachimba karibu na kisima mama cha falaji, maji ya chini yakashuka, falaji nyingine zikakauka. Pampu ilikistaafisha kilichokuwa hakina haja ya umeme. Sasa miji ya pwani inakunywa maji ya bahari yaliyotolewa chumvi. Msizililie pampu kupita kiasi.

Shangazi_wa_Kikwajuni #36
Waalaykum salaam. Huo ndio uliokuwa msemo wangu, ila umeusema kwa heshima zaidi.

Fundi_Kijana_Tabata #37
Wazee mmesahau jambo moja jipya: paneli za kubadilisha mzunguko wa mota. Zamani pampu ni kuwasha au kuzima, ukitaka maji kidogo unabana valvu, yaani unakanyaga mafuta na breki pamoja. Ukipunguza mzunguko kwa asilimia 20, umeme unashuka karibu nusu. Vituo vya zamani vingefungiwa paneli hizo vingeendelea.

Mzee Glandi #38
Mwanangu, hiyo nusu ni bomba likiwa tambarare na mzigo wote ni msuguano. Kukiwa na kilima cha mita 80, ukipunguza mzunguko kwa asilimia 20 unaweza kukuta pampu inazunguka, umeme unakwenda, na juu hakifiki kitu, inachemsha maji yake yenyewe ndani.
Faida kubwa ya paneli hizo ninayoiona mimi ni kuwasha na kuzima taratibu. Nitakueleza kusimama ghafla kulivyo, ingawa umeme ukikatika hata paneli haikuokoi. Zamu ya usiku, pampu inasukuma kilimani, umeme unakatika ghafla. Pampu imesimama, lakini bomba zima la maji lililokuwa linapanda linasita, halafu linarudi. Valvu ya kuzuia kurudi inajibamiza. Unasikia pigo, jengo lote linaitika, halafu kimya kidogo, halafu pigo la pili kutoka mbali kule bombani. Opereta mzoefu anahesabu mapigo na kukuambia limepasuka au halijapasuka kabla hajatoka nje na tochi. Tulikuwa na sheria: umeme ukirudi usiwashe. Kwanza nenda kafunge geti valvu, hakikisha pampu imejaa maji, toa hewa kwenye kikoki cha juu mpaka maji yatoke bila kutema, angalia glandi, ile ziba ya kuzunguka shafti, inadondosha. Matone ya glandi si kuvuja, ndiyo yanayopoza shafti. Glandi kavu ni glandi inayoungua. Kisha washa, fungua valvu pole pole. Aliyekuwa na haraka aliondoka na bomba.

Fundi_Kijana_Tabata #39
Shikamoo mzee. Hiyo ya kuhesabu mapigo sikuwahi kufundishwa chuoni.

Mzee Glandi #40
Marahaba. Chuoni umeme haukatiki.

DadaHydro #41
Hapo ndipo penye sababu nyingine kwa mleta mada. Waliojua mambo hayo walistaafu kwa mkupuo, na ajira mpya hazikuja kwa wakati. Pampu bila opereta anayeijua inadumu misimu mingapi? Nauliza, sina takwimu.

Mwana_wa_Likoni #42
Opereta analipwa kwa pesa gani kama stima haijalipwa?

Kibopa #43
Wajumbe wa deni hawachoki.

MlaMhogo #44
Shukrani zenu. Mpaka sasa nina mto kuhama, mto kutozolewa, vipuri, deni, kutu, uchafu, wafadhili, wazee kustaafu na Mmanga kunikataza kulia. Nitamtuma tena dogo akaulize transfoma iliondolewa lini, kabla au baada ya pampu kusimama. Hilo litanisaidia kupunguza.

Injinia_Kata #45
Swali zuri. Ila transfoma huondolewa pia kwa kuhitajika mtaa mwingine, isikupotoshe.

Mama_Wawili_Goba #46
Samahani kuingilia, naona mafundi mmejaa hapa. Nina nyumba ya chini na tangi la lita 2,000 juu ya mnara. Maji ya mtaani yakija hayana presha ya kupanda. Fundi ameniambia nifunge pampu ya farasi mmoja moja kwa moja kwenye bomba linalotoka kwenye mita ya maji, ivute. Ni sawa?

Fundi_Kijana_Tabata #47
Mama, si sawa na kwa mamlaka nyingi ni kosa. Ukivuta moja kwa moja, bomba la mtaa linabaki na presha chini ya hewa. Mahali popote lenye ufa linanyonya maji ya mtaroni, na yanaingia kwenu na kwa jirani. Weka simtanki la chini, maji yaingie yenyewe hata kama ni kwa kuchuruzika, halafu pampu itoe humo kupeleka juu. Nusu farasi inatosha kwa mnara wa mita 6, na weka boya la kuzima tangi likijaa.

NjooNaDumu #48
Yaani kumbe ndiyo maana kwangu hayafiki! Mtaa mzima wana pampu za kuvuta, mimi na dumu langu nasubiri mserereko.

Mama_Wawili_Goba #49
Kaka, majirani zangu pande zote mbili wameshafunga. Nikiweka tangi la chini lisubiri kuchuruzika, litajaa lini?

Injinia_Kata #50
Anza kwa kumuuliza jirani wa upande wa juu anawasha saa ngapi.

Mama_Wawili_Goba #51
Anawasha akisikia yangu.